Andika ushuhuda wako kabla hujafungua mdomo

Muulize mshirika yeyote wa kanisa kwa nini hajawahi kumweleza jirani yake habari za Yesu, atakwambia anaogopa. Mwingine atasema hana karama hiyo, kazi ni ya mwinjilisti. Sikubaliani sana na majibu haya. Mtu huyohuyo anayeogopa kushuhudia ndiye anayesimama kwenye kikao cha harusi akakamua michango bila kupepesa macho. Kwenye kikao anajua aseme nini. Kwenye habari za imani hajui aanzie wapi, aishie wapi, wala akiulizwa swali atajibu nini. Tatizo la namna hiyo linatibika kwa kalamu na karatasi.

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 26. Paulo yuko mbele ya Mfalme Agripa, amepewa ruhusa ajieleze. Mstari wa 4 hadi wa 11 anasema alivyokuwa: Farisayo, mtesaji wa waamini. Wa 12 hadi wa 18 anasimulia yaliyompata njiani kwenda Dameski. Wa 19 hadi wa 23 anaeleza amefanya nini tangu siku ile. Isome kwa sauti, haizidi dakika tano. Mtu aliyeandika nyaraka nzito kama Warumi, siku ya kujitetea mbele ya mfalme alisimulia maisha yake kwa mpangilio wa sehemu tatu.

Basi na wewe chukua karatasi moja. Lenga maneno 350 hivi, ambayo kwa mwendo wa kawaida wa kuongea ni kama dakika tatu. Ulivyokuwa kabla: maneno 80. Ulivyokutana na Kristo: 150. Yaliyobadilika: 120. Ukimaliza weka simu mbele yako, washa saa ya kuhesabu, soma kwa sauti. Ikifika dakika tano, punguza. Jirani aliyesimama na ndoo ya maji mkononi hana dakika tano.

Sehemu inayoharibika mara nyingi ni ile ya kwanza. Inanoga, ndiyo maana inavimba. Pombe, waganga, wanaume, ugomvi wa baa; msimuliaji anachangamka, msikilizaji anacheka, na Yesu anakuja kutajwa sekunde thelathini za mwisho. Kesho yake mtu atakumbuka kisa cha mganga tu. Zaidi ya hapo, dhambi zako mara nyingi zina watu wengine ndani yake. Ukisema "mume wangu alikuwa mlevi ananipiga" kwenye saluni ya mtaani, umemshuhudia mumeo na si Kristo. Omba ruhusa yake au uliache hilo.

Sehemu ya tatu nayo ina shimo lake: kugeuka tangazo la biashara. "Nikaokoka, nikapata kazi, sasa nina gari." Anayekusikiliza ana miaka miwili hana kazi, na alichosikia ni ahadi. Ataomba, ataenda kanisani miezi mitatu, kazi haitakuja, ataondoka akiwa amechukia kuliko alivyokuwa. Taja jambo moja lililobadilika ambalo watu wa nyumbani kwako wanaweza kulithibitisha, kisha taja jingine moja ambalo bado unapambana nalo. Hilo la pili ndilo linalomfanya mtu akuamini.

Vijana waliokulia kanisani huwa wanasema hawana ushuhuda, kwa sababu hawajawahi kuvuta bangi wala kulala mahabusu. Wamesikia kanisani ushuhuda wa majambazi peke yake. Timotheo alilelewa kwenye imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na Paulo anamkumbusha kwamba tangu utoto ameyajua maandiko. Huo nao ni ushuhuda. Kwa binti wa kidato cha tatu unaweza kusomeka hivi:

"Nimekua nikienda kanisani kila Jumapili, naimba kwaya, lakini nilikuwa naenda kwa sababu mama anaenda. Nikifika bweni nilikuwa mtu mwingine kabisa. Likizo ya kidato cha pili nilianza kusoma Injili ya Marko mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Nilipofika pale Petro anapomkana Yesu nikajiona. Nilimwambia Mungu kwamba naomba imani hii iwe yangu, siyo ya mama. Sikuona maono. Ila nilirudi shule nikamrudishia rafiki yangu hela niliyokuwa nimemdanganya kwamba imepotea. Bado naona aibu kusali mbele ya wenzangu, lakini nasali."

Hayo hayafiki hata maneno mia moja na ishirini, na yanatosha kwa mapumziko ya saa nne.

Angalia pia kwamba binti huyo hajasema "nilifunguliwa", "nikavikwa upya", "upako ukashuka". Ndani ya kanisa tunaelewana kwa maneno hayo. Nje, fundi bodaboda anajiuliza ulifungwa wapi. Mpe rafiki asiyesali karatasi yako, mwambie apige mstari chini ya kila neno asilolielewa. Kama mistari ni mingi, andika upya.

Jambo hili si geni kwetu, wala halikuletwa na semina. Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao mizizi yake inatajwa sana kwenye maombi ya Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church pale Namirembe, Kampala, mwaka 1929, ukawaka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930, ulisambaa Uganda, Burundi, Kenya na huku kwetu Kagera kwa njia hii hasa: walei, yaani waumini wasio wachungaji, wanaosafiri kwa makundi madogo, kila mmoja anaeleza Yesu amemtendea nini. Walikuwamo walimu, wauguzi na wakulima. Wazee wa uamsho waliobaki bado wanasimama, wanasema kwa ufupi, wanaimba Tukutendereza, ule wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu, wanakaa. Vijana wa kwaya zenye vinanda vitatu wanaweza kujifunza ufupi ule.

Ushuhuda hufungua mlango, lakini haumwelezi mtu afanye nini. Hapo ndipo unahitaji maandiko, na huhitaji mengi. Mistari minne ya Warumi inabeba kiini: 3:23, wote wamefanya dhambi, 6:23, mshahara wa dhambi ni mauti, bali karama ya Mungu ni uzima wa milele, 5:8, Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi, 10:9, kumkiri kwa kinywa na kuamini moyoni. Kwenye Biblia yako, pembeni ya 3:23 andika kwa penseli "6:23", pembeni ya 6:23 andika "5:8", na pembeni ya 5:8 andika "10:9". Ukijua wa kwanza tu, mingine inakuongoza. Halafu mpe mwenzako Biblia asome mwenyewe. Ukimsomea wewe, anasikiliza sauti yako. Akisoma yeye, anakutana na maneno. Filipo alimuuliza yule towashi Mkushi, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Alisubiri kualikwa ndipo akapanda garini. Kama mtu hajazoea Kiswahili cha Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, mpe Biblia ya Habari Njema, yenye Kiswahili cha kawaida.

Kuanza mazungumzo ndiko kunakowashinda wengi, kwa kuwa wanadhani lazima waanze na Mungu. Anza na salamu, na salamu iwe ya kweli:

"Mama Neema, habari za tangu juzi? Mtoto anaendeleaje?"

"Homa imeshuka, ila usiku halali. Na mimi silali."

"Pole sana, mama. Najua inavyochosha. Wa kwangu alipolazwa mwaka jana nilikuwa nakaa pale kitandani naomba tu, hata maneno sina."

"Kumbe na wewe ni mtu wa kuomba?"

"Naomba. Siku ukiwa na nafasi nitakusimulia ilianzaje. Leo ngoja nikushikie huyu uoge."

Zile dakika tatu hazijatumika bado, na hakuna kilichoharibika. Mama Neema sasa ana sababu ya kuuliza. Kama angekubali kuombewa palepale, sentensi tatu zingetosha, kwa sauti ya mazungumzo, majirani wasijae. Na kama unadaiwa na mama huyo elfu kumi ya vitenge tangu mwezi wa pili, lipa kwanza.

Kuhusu kuhubiri kwenye daladala nitasema neno moja tu: abiria amelipa nauli na hana pa kukimbilia. Anayenyamaza si lazima awe amekubali.

Ziara za nyumba kwa nyumba zina utaratibu wake. Nendeni wawili wawili, kama Yesu alivyotuma katika Marko 6. Mmoja anaongea, mwenzake anaomba kimoyomoyo na kumshika mtoto asisumbue. Jumamosi saa nne asubuhi au saa kumi jioni ni nzuri; saa ya chakula si nzuri, na giza likiingia rudini. Piga hodi mara tatu, usipoitikiwa ondoka. Ukikuta watoto peke yao, acheni salamu kwa wazazi mwende. Ukikuta mwanamke peke yake na nyinyi ni wanaume, zungumzeni barazani. Dakika ishirini zinatosha, hata kama mmeletewa chai.

Mkikuta mgonjwa, ombeni, lakini msimwambie aache dawa. Anayemwambia mtu aache ARV au dawa za presha ili kuonyesha imani anamweka kwenye hatari ya kufa, na akifa hakuna nyumba mtaani itakayowafungulia tena.

Sasa jambo ambalo timu nyingi hazilisemi zinapotoa ripoti ya "roho arobaini zimeokoka": kwetu kumkatalia mgeni ni utovu wa adabu. Umekaribishwa kiti, umepewa maji, umeongea kwa moyo, kisha unauliza, "Uko tayari kumpokea Yesu leo?" Mwenye nyumba anasema ndiyo, anafuatisha sala, anakusindikiza hadi njiani. Alikuwa anakutendea wema. Ukirudi wiki ijayo mtoto atakwambia mama hayupo, na utaona kanga yake ikipita nyuma ya pazia.

Dawa yake ni kutokimbilia sala. Mwambie akueleze kwa maneno yake ameelewa nini. Akisema "kwamba niwe mtu mzuri" au "nihamie kanisa lenu", bado. Mwambie afikirie, na kwamba akikataa undugu haufi. Mpe njia halali ya kusema hapana. Ndiyo yake ikija itakuwa na uzito.

Aliyeamua, mrudie ndani ya siku mbili au tatu. Mpe Injili ya Yohana: sura 21, sura moja kwa siku, wiki tatu. Kila siku mtumie swali moja kwa WhatsApp, "Leo umeona nini kuhusu Yesu?", na si mahubiri ya sauti ya dakika kumi na mbili. Jumapili usimwambie tu "karibu kanisani". Mpitie nyumbani, kaeni benchi moja, mwambie mapema kuhusu sadaka ili asipate aibu. Kama kanisa lako liko nauli mbili na kuna kanisa zuri la dhehebu jingine mtaani kwake, mpeleke huko.

Kwa majirani Waislamu, heshima kwanza. Familia nyingi za pwani na bara zimechanganyika. Shangazi anafunga Ramadhani, mpwa anaimba kwaya. Usiende wakati wa futari kama hujaalikwa. Biblia usiiweke sakafuni wala kuikalia, kwa sababu wao hawakitendei hivyo kitabu kitakatifu, na ukifanya hivyo wataona wewe mwenyewe huiheshimu. Habari za Isa bin Mariamu wanazo, hivyo uliza wanajua nini na usikilize hadi mwisho. Kurushiana aya kama kwenye mihadhara ya kulinganisha dini humpa mshindi makofi, na mshindwa anaenda nyumbani na hasira.

Swali usilolijua, sema hujui. "Nitamuuliza mchungaji, Jumatano nitakuletea jibu." Na anayesema wachungaji wanapenda hela, usianze kutetea. Wapo. Mkubalie, kisha muulize anamwonaje Yesu mwenyewe.

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 19, inaruhusu kueneza dini na inasema ni hiari ya mtu binafsi. Hiari hiyo ni ya msikilizaji pia. Bosi asimshuhudie msaidizi wa ndani kwa namna ambayo binti wa watu anaona kibarua chake kinategemea jibu. Shuleni, tumieni kipindi cha dini, mapumziko na mikutano ya vyama vya wanafunzi Wakristo kama UKWATA, CASFETA au TYCS, si muda wa prepo, na msimfuate mtu hadi kitandani taa zikishazimwa.

Mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 akitaka kubatizwa na wazazi wake ni wa imani nyingine, mlezi wa umoja wenu ajue kwanza, kisha wazazi wajue, kabla ya maji. Ukimficha, siku ikijulikana atapigwa yeye, na shule itafunga mikutano yenu. Kama wazazi watakataa, asubiri huku akisoma. Wewe endelea kukaa naye mezani, umsaidie hesabu, na umwambie kwamba kuwatii wazazi wake katika mambo mengine yote ni sehemu ya imani hiyohiyo anayoitaka.