Duara Lililorukwa

Juni 2003, nikiwa kidato cha nne, nilirudi Njombe kwa likizo nikakuta wifi yangu amejifungua mtoto wa kike mwenye ualbino, na kaka yangu amehamishia godoro lake chumba cha nje. Wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kukaa kikao na kusema kwamba upande wetu hajapata kuzaliwa mtoto wa namna hiyo, kwa hiyo mama yake aeleze alikompata.

Jioni ile tulikuwa tukimenya njegere jikoni, mimi na Bibi mzaa baba. Somo la urithi nilikuwa nimelisoma muhula huohuo, na lilianzia kwenye njegere: mtawa Gregor Mendel, katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1866, alipandisha mmea wa mbegu za mviringo na wa mbegu zilizokunjamana, akapata uzao wa mviringo mtupu, lakini uzao huo ulipojizalisha wenyewe, mikunjo ilirudi, mbegu 1,850 kwa 5,474 za mviringo, yaani karibu moja kwa tatu. Nilimweleza Bibi kwamba mikunjo ilikuwa imejificha tu, kwa sababu binadamu, kama njegere, hubeba nakala mbili za jeni, yaani maelekezo ya urithi, moja ya baba na moja ya mama, na kwamba ualbino huonekana pale tu mtoto anapopokea nakala yenye hitilafu kutoka pande zote mbili. Mwenye nakala moja haoneshi lolote, na anaweza kuirithisha hadi kwa vitukuu bila kujua.

Nilichukua daftari nikachora ukoo wetu, miraba kwa wanaume na maduara kwa wanawake. Bibi alitazama muda mrefu, kisha akaweka kidole kando ya mraba wa Babu.

“Hapa umemruka mtu, mjukuu wangu. Babu yako alikuwa na dada. Jua lilimchoma midomo ikawa vidonda, akafa hajaolewa. Tuliambiwa tusimtaje.”

Karatasi ile haikuwa kipimo cha damu, lakini iliiondoa hoja ya wazee, nami nilitetemeka nikifikiri kwamba mtu mzima alikuwa amefutwa kwenye ukoo, na kufutwa kwake ndiko kulikomponza wifi yangu.

Bibi aliipeleka mwenyewe kwa kaka asubuhi. Upande wa wifi hatukupata wa kumtaja, na si ajabu. Kaka aliuliza kama watoto watatu watakaofuata watakuwa salama, nikamjibu kwamba hesabu haiendi hivyo: iwapo wazazi wote wawili wanabeba nakala yenye hitilafu, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino, hata iliyotangulia iwe imekuwaje. Alinyamaza, akaomba ambebe mtoto. Alasiri alikwenda sokoni, akarudi na kofia pana ya kitambaa.

Bibi alinirudishia daftari. “Mchore,” alisema. “Huyu naye alikuwa wifi yangu.” Nikachora duara, akanitajia jina, nikaliandika.