Tatu, nne, tano

Jana mwanangu wa darasa la saba kaniuliza, "Mama, nani aliamua pembe za pembetatu ukizijumlisha ziwe nyuzi 180?" Nikamwambia akate pembetatu ya karatasi, yoyote ile, achane kona zote tatu azipange ncha kwa ncha. Zikanyooka mstari mmoja. "Sawa, lakini nani aliamua?" Nikamwacha hapo, maana akili yangu ilishahamia Mlandizi, kwenye kiwanja cha Mzee.

Ilikuwa likizo ya Juni, nipo kidato cha pili. Mzee alishagombana na mafundi wawili. Huyu wa tatu, ambaye sote tulimwita Fundi tu, alikuja na kamba ya nailoni, futi kamba, nyundo na vigingi. Kamba ya ukuta wa mbele akaikaza pande zote mbili. Ya pili akaifunga kwenye kigingi cha kona, ncha ya mbali akanikabidhi mimi. Kutoka kona ile akatia alama mita 3 kwenye kamba ya kwanza, mita 4 kwenye yangu. Kisha akachuchumaa, akavuta futi kutoka alama hadi alama.

"Tano na senti sita. Imefunguka. Rudi ndani."

Nikasogea.

"Nne na tisini na nane. Umepitiliza. Toka. Kidogo, binti, hukimbizwi!"

Nailoni ilinikata kidole, sikuthubutu kubadilisha mkono. Nikatoka unyayo, nikarudi nusu unyayo.

"Tano kavu. Usitikisike! Gonga kigingi."

Shuleni tulikuwa tunapewa pembe mraba kwanza, halafu tunatafuta upande mrefu: 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, jumla 25, kipeuo cha pili ni 5. Fundi alianzia upande wa pili kabisa. Pembe hakuwa nayo. Alikuwa na tano yake tu, nyuzi 90 zikaja zenyewe. Ikizidi tano, kona ni butu. Ikipungua, ni kali. Mwalimu labda alilisema, ila mimi nililielewa pale, kidole kikiuma. Nikamsimulia Fundi habari za Pythagoras, Mgiriki wa kale ambaye kanuni hii inaitwa kwa jina lake.

"Anajenga wapi huyo?"

Kona nyingine zikaenda haraka. Mwisho akapima kona kwa kona, mshazari huu na ule, kwa sababu pande zikilingana bado chumba kinaweza kulala upande. Vipimo vikalingana.

Kumbe mpaka wa jirani ndio ulikuwa umekwenda mshazari. Mzee akataka ukuta uufuate. "Mzee," Fundi akasema, "kiwanja kimepinda, nyumba isipinde." Wakabishana mpaka adhuhuri, nyumba ikabaki mraba. Pembeni kikasalia kipande cha pembetatu: nyuma toroli inapita, mbele huingizi hata ufagio.

Mzee akikiona kipande kile hamlaumu Fundi wala jirani. Ananilaumu mimi, eti kamba nilishika mimi.