Muscat na Dar
Jamani huu mwaka wa 3 niko Muscat, Oman, na kusema kweli huku maisha yana raha yake, umeme haukatiki hovyo, barabara safi, mshahara haukatwi kodi ya mapato, alafu kuna wazee waliotoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964 wakikusalimia kwa Kiswahili unasahau kama uko ugenini. Ila joto la mwezi wa 6 linapita digrii 40, mchana mtu hutoki.

Dar luku ya umeme inaisha usiku na daladala tunabanana, lakini jioni tunakaa nje na majirani tunapiga stori, mtoto wa jirani anakula kwangu bila kuuliza. Huku jirani wa mlango wa pili hata jina simjui, hilo ndo linaniuma sana.