Bustani ya Idi: hesabu siku kwa kurudi nyuma

Anayelima kwa ajili ya Krismasi kazi yake nyepesi, maana Desemba 25 haihami. Idi inahama. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwandamo wa mwezi na hupungukiwa siku kama 11, ndiyo maana Idi el Fitri iliyoangukia wiki ya pili ya Aprili mwaka 2024 ikarudi mwisho wa Machi mwaka 2025, na bado inarudi kuelekea Februari na Januari. Kwa mtu wa Tanga, Bagamoyo au Dar es Salaam, sikukuu inatoka kwenye masika na kuingia kwenye joto la kaskazi. Tarehe ya kusia mbegu iliyokufaa miaka michache iliyopita itakutupa mkono.

Hesabu za hapa ni za nyumba itakayopokea watu 60 siku ya Idi: ukoo wote, majirani wawili watatu, na watoto kama 20. Sinia moja watu wazima watano. Bustani yenyewe ni ya uani, matuta manne hivi ya upana wa mita 1. Upana ukizidi hapo utalazimika kukanyaga tuta ili ufike katikati, na udongo uliokanyagwa haupitishi maji wala mizizi.

Jambo la kwanza ni kuamua usilime nini. Mchele, vitunguu maji na viazi nunua. Kitunguu hukaa kitaluni wiki 6 hadi 8, kisha hudai miezi mitatu au zaidi tutani, na mwisho wa yote cha Mang'ola kitakachokuja sokoni kitakuwa kikavu na cha bei nzuri kuliko chako. Uani panda vitu vinavyoharibika njiani: mchicha, kotimiri, pilipili mbuzi, bamia. Mchicha uliokatwa alfajiri na kulala sokoni juani hadi saa nane hauna ladha ya kumpa mgeni.

Nyanya ndiyo inayowadanganya wengi. Kachumbari ya watu 60 inataka kilo 6. Mtu husikia kwamba shina moja hutoa kilo 2 au 3, anapanda mashina matatu, na siku ya sikukuu anachuma bakuli moja. Zile kilo hutoka kwa wiki nyingi. Katika wiki moja uliyoichagua wewe, shina zuri litakupa kama nusu kilo, kwa hiyo panda mashina 15, sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya miche. Kitaluni wiki nne, kisha siku 75 hadi 80 tangu kuhamisha mpaka matunda ya kwanza yaive, na siku 10 za akiba ili uvune katikati ya msimu wa shina badala ya mwanzoni. Jumla ni siku kama 115 kabla ya Idi.

Sasa tazama kalenda. Kwa Idi ya Machi, maua yatafunguka Januari na Februari, wakati usiku wa Pwani kwa kawaida haushuki sana chini ya nyuzi 24. Kwenye joto hilo chavua hudhoofika, maua yanadondoka, shina linabaki majani matupu. Mbolea haiondoi tatizo hilo, na ukizidisha ya naitrojeni ndiyo majani yanazidi. Ukitaka kujaribu, panda aina zenye matunda madogo, ambazo hushika vizuri kidogo kwenye joto, weka matandazo ya nyasi kavu, na chagua mahali panapopata kivuli baada ya saa nane mchana. Kitako kikianza kuwa cheusi na kuoza, angalia umwagiliaji kabla ya kukimbilia dawa: tuta linalokauka siku tatu kisha likafurikishwa hukosesha tunda kalisi hata kama udongo unayo. Majani yenye mabaka meupe kama yaliyochorwa, na matundu kwenye tunda, ni kantangaze, mdudu aliyeingia Tanzania mwaka 2014. Chuma majani hayo na uyafukie kwa kina au uyachome. Usiyaache kando ya tuta.

Maoni yangu: mtu wa Pwani, Idi ikiwa kati ya Januari na Mei, anunue nyanya za Lushoto na tuta lake alipe kitu kingine. Nyanya ya Pwani ni ya kipupwe.

Mchicha hauna matatizo hayo, na ndio wenye faida kuliko yote. Siku 28 kabla ya Idi, mwagia tuta la mita 1 kwa 6 samadi iliyoiva, debe moja kwa kila mita ya mraba. Samadi iliyoiva haina joto ukiingiza mkono na hainuki kinyesi; mbichi huunguza miche na kuleta magugu. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, changanya kijiko kimoja cha chakula na vikombe viwili vya mchanga mkavu ndipo usie kwenye mistari iliyoachana sentimita 15. Funika kwa udongo mwembamba sana. Ukifukia zaidi ya sentimita 1 nyingi hazitaota, na utailaumu mbegu bure. Zikifika urefu wa kidole, punguza na uzile hizo ndogo. Tuta hilo likitunzwa litatoa kilo 8 hadi 10 ukiung'oa na mizizi, na kilo hizo zikiingia sufuriani zitanywea mpaka ushangae. Sia nusu ya tuta siku tano baada ya nyingine, maana mwezi unaweza kuonekana au kusubiri hadi kesho yake, na mchicha uliopitiliza huanza maua na kukakamaa. Wapo viwavi wanaokunja jani na kulifunga kwa nyuzi. Waondoe kwa mkono asubuhi. Dawa ya kiwandani wiki ya mwisho kabla ya kula, hapana.

Kotimiri huanza siku 45 kabla. Ile punje ya mviringo ina mbegu mbili ndani: ibingirishe kwa chupa mpaka ipasuke, loweka usiku mmoja, kisha sia palepale itakapokulia, kwani mzizi wake mrefu hauvumilii kuhamishwa. Huchukua siku 7 hadi 12 kuota, usikate tamaa. Joto likizidi, badala ya majani hutoa maua, na majani yanayofuata huwa membamba yasiyo na harufu. Dawa ni kivuli cha makuti kilichoinuliwa mita 1 juu ya tuta, na kusia mara mbili kwa wiki mbili tofauti.

Pilipili mbuzi ni mti wa subira, miezi mitatu minne tangu mbegu hadi tunda, lakini mashina mawili yakishaanza yatakulisha mwaka mzima.

Kumwagilia mwezi wa Ramadhani kuna wakati wake wa asili. Baada ya daku, kabla jua halijatoka, mwagilia sawasawa; kabla ya kufuturu, nyunyizia miche midogo tu.

Tuje jikoni. Mchele kilo 1 kwa watu wazima wanane, kwa hiyo kilo 7 zinatosha, na kilo ya nane ni ya kufungia wanaoondoka, maana mgeni wa Idi haondoki mikono mitupu. Usizitie zote sufuria moja. Sufuria mbili za kilo 4 zinageuzika. Ya kilo 8 chini itaungua huku juu mchele mgumu.

Kwa kila sufuria ya kilo 4: nyama ya mifupa kilo 3, vitunguu kilo 1 na nusu, viazi kilo 2, mafuta robo tatu lita, kitunguu saumu na tangawizi gramu 150 kila kimoja, bizari nyembamba vijiko vya chakula 6, iliki punje 25, mdalasini vijiti 5, karafuu 15, pilipili manga vijiko vya chai 2. Karafuu zihesabu kweli. Zikizidi hutawala sufuria nzima.

Rangi ya pilau ya Pwani hutoka kwenye kitunguu. Ukitia kilo moja na nusu kwa mpigo, vitatoa maji, vitachemka badala ya kukaangika, na pilau litatoka jeupe lenye harufu ya kitunguu kibichi. Kaanga kwa mafungu matatu mpaka rangi ya kahawia iliyokolea, toa, endelea. Kazi hiyo ifanyike jioni ya mwezi 29 wa Ramadhani: vitunguu vya kukaanga na viungo vilivyosagwa havidhuriki mwezi usipoandama. Nyama usiichemshe mpaka itangazwe, isipokuwa una friji ya kuaminika.

Nyama ichemshwe kwa tangawizi, saumu na chumvi mpaka ilainike, supu itengwe. Rudisha vitunguu kwenye mafuta, tia saumu na tangawizi iliyobaki, kisha viungo, dakika moja tu, kwani bizari ikiungua uchungu wake hautoki. Nyama, viazi, geuza, ndipo supu.

Hapa kwenye supu ndipo mapilau ya shughuli huharibikia. Nyumbani kilo 1 ya mchele watu huitia lita 1 na nusu au zaidi. Ukizidisha kwa nne utapata lita 6 na bokoboko, kwa sababu sufuria kubwa iliyofunikwa hupoteza mvuke kidogo kwa kila kilo kuliko ndogo. Kwa kilo 4 za mchele wa zamani anza na lita 5 na nusu. Mchele mpya hunywa kidogo, tia 5. Ukiwa umeuloweka nusu saa, punguza nusu lita nyingine. Kuongeza maji ya moto baadaye kunawezekana, kuyatoa hakuwezekani. Chumvi aionje mtu mmoja tu aliyeteuliwa, na supu iwe imezidi kidogo mdomoni, kwani mchele utainywa. Shangazi watatu wakipita kila mmoja na kijiko chake cha chumvi, pilau limekwisha.

Maji yakikauka juu na matundu kuonekana, geuza mara moja kutoka chini, funika, punguza moto wa chini na palia makaa juu ya mfuniko kwa dakika 40. Usifunue kuchungulia.

Mchicha uunge kwa nazi 5. Tui jepesi lichemke na kitunguu na nyanya, mchicha uingie dakika tano, tui zito mwisho huku ukikoroga mpaka litokote kidogo tu. Likichemka kwa nguvu hukatika. Kachumbari: vitunguu visuguliwe kwa chumvi na kuoshwa maji baridi mara mbili, ndimu na kotimiri vifuate, na chumvi ya mwisho itiwe sinia zikishapangwa, la sivyo nyanya zitatoa maji na kuelea.

Kiporo kila mtu anakipenda, lakini kisilale sufuriani. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemka, na wali wa vuguvugu ndio mahali pao pa kuzaliana. Sumu wanayoiacha haiondoki hata ukiupasha moto. Tandaza pilau kwenye sinia lipoe haraka, na ndani ya saa mbili liwe kwenye friji.

Mchicha ukishang'olewa, tuta lisikae tupu. Kutoka Idi el Fitri hadi Idi el Hajj ni siku 67 hadi 69, na bamia huanza kuvunwa siku 50 hadi 60. Loweka mbegu usiku mmoja, sia mbili kila shimo, sentimita 30 shimo hadi shimo, ndani ya wiki moja baada ya sikukuu. Zikianza kuzaa zichume kila baada ya siku mbili, hata kama huna mboga ya kupika siku hiyo. Bamia iliyokomaa ikibaki juu, shina huacha kuzaa.