Usiku baba alipotutafsiria High Noon

Mwaka 1991 TV za kijijini kwetu Rombo zilikuwa za kuhesabu. Ya kwetu aliileta baba mdogo kutoka Nairobi: ndogo, ya chogo, nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya gari. Antena tuliifunga kwenye mti mrefu nyuma ya nyumba. Upande wetu wa Kilimanjaro unatazama Kenya, kwa hiyo matangazo ya Kenya tuliyapata vizuri, na Jumamosi usiku sebule ilijaa majirani mpaka wengine wakakaa kwenye madebe mlangoni.

Baba ndiye aliyekuwa mkalimani wa filamu za Kiingereza. Alikuwa na Kiingereza kizuri cha shule, na alikuwa na desturi ya kutafsiri kila neno kwa sauti ileile, asemaye awe mwizi au padri.

Lakini mwaka ule baba alikuwa hana kazi. Alikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi cha kahawa, na msimu uliotangulia aligundua kwamba jiwe la mizani lilikuwa limetobolewa na kujazwa madini ya risasi. Jiwe likizidi uzito, gunia linasomeka jepesi. Kila mkulima alikuwa anaacha pale kilo mbili tatu kwa kila gunia bila kujua, na kahawa yake inakwenda kwa jina la mtu mwingine. Baba akaandika barua. Wanachama walimjia nyumbani usiku, mmoja mmoja, wakanywa chai yetu, wakaapa kwamba kwenye mkutano mkuu watasimama naye.

Asubuhi ya mkutano alipita kuwakumbusha, nami nikamfuata. Kwa jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji alitoka mkewe. Akasema mzee kaenda mjini Mkuu tangu alfajiri. Mabuti yake ya shamba yalikuwa pale kizingitini, yana tope bichi, na moja lilikuwa bado limeegemea mlango kana kwamba limevuliwa sasa hivi. Baba aliyaangalia, akasema, "Haya mama, akirudi mwambie Karani alipita." Mkutanoni mwenyekiti alimsifu baba kwa muda mrefu sana, akataja uaminifu wake wa miaka yote, kisha akaomba suala la mizani liachwe kwa ajili ya jina la chama. Alipouliza nani ana la kusema, hakunyooshwa mkono hata mmoja. Barua ya kumwachisha kazi ilifuata.

Kwa hiyo usiku ule wa Jumamosi waliojaa sebuleni kwetu ni walewale. Na jirani wa ng'ambo ya mfereji alikuwa kwenye benchi karibu na betri, mahali pake pa siku zote.

Filamu ilikuwa High Noon, ya mwaka 1952. Sisi watoto tulisubiri farasi na bastola. Badala yake tukaonyeshwa mzee anayetembea. Mwigizaji Gary Cooper alikuwa na miaka 50 walipoipiga, uso umechoka, na hakuna anayejaribu kumfanya kijana. Yeye ni Will Kane, mkuu wa usalama wa mji mdogo uitwao Hadleyville, amefunga ndoa asubuhi hiyohiyo na anaacha kazi. Mara inaletwa habari kwamba Frank Miller, mhalifu ambaye Kane alimkamata zamani, ameachiwa huru na anakuja na treni ya saa sita mchana. Wenzake watatu wameshafika stesheni wanamngoja. Wote jumla wanne. Kane anaondoka na bibi harusi, kisha anageuza gari la farasi na kurudi. Anachohitaji ni watu wa kusimama naye, na ana saa moja na kitu ya kuwatafuta.

Saa ziko kila mahali katika filamu ile, ukutani, ofisini, hotelini, na muda unaopita mjini unakaribiana kabisa na muda unaopita wewe ukiwa umekaa unatazama. Mama, ambaye hakujua Kiingereza, alizisoma kwa sauti kila zilipoonekana: "Saa tano kasoro. Huyu mtu anachelewa jamani."

Jaji ndiye wa kwanza kuondoka. Yeye ndiye aliyemhukumu Miller, na hana nia ya kufa. Huku akimweleza Kane kwa upole kabisa kwa nini anakwenda, anashusha bendera ukutani na kuikunja, kisha anachukua mizani ndogo ya haki iliyokuwa mezani na kuitia kwenye mfuko wa tandiko la farasi. Baba aliacha kutafsiri. Jaji aliendelea kusema, sebule ikawa kimya, na mimi nikamwona baba ameinama mbele anaangalia ule mkono unaopakia mizani. Kisha akaendelea, "Anasema huu ni mji mdogo tu, si kitu."

Kane akafika nyumbani kwa rafiki yake, Sam Fuller. Fuller anamwona kupitia dirishani, anamsukuma mkewe aende mlangoni akaseme hayupo. Mke anafungua. Kane anauliza. Mke anasema mume wake yuko kanisani. Kane anamuuliza, kaenda bila wewe? Mke anajibu kwamba naye anavaa, atamfuata. Macho ya yule mama hayana mahali pa kukaa.

Baba alitafsiri yote, neno kwa neno, kwa sauti yake ileile. Hakugeuka kutazama benchi. Wala hapakuwa na haja. Kila mtu pale ndani alijua mabuti yaliyokuwa mlangoni ni ya nani, kwa sababu kijijini mambo hayo hujulikana kabla ya jua kuzama. Jirani hakutikisika. Nilidhani atanyanyuka aende zake. Alibaki.

Kanisani ikawa ni mkutano mkuu wetu mtupu. Watu wanabishana, wengine wanataka kusaidia, halafu anasimama mheshimiwa wa mji, Henderson, anammwagia Kane sifa, na baada ya sifa anamwambia aondoke, kwani damu ikimwagika barabarani wenye fedha wa kaskazini hawataleta miradi. Hapo mama alipiga makofi mara moja na kusema, "Mwenyekiti!" Watu wakaguna.

Mwisho mnaujua au mtauona. Anayerudi kumsaidia Kane ni mkewe, aliyejiunga na dini inayokataza kuua. Watu wanne wakishalala chini, mji mzima unamiminika barabarani. Kane anawatazama bila kusema, anavua nyota yake, anaitupa mavumbini na kuondoka.

Betri ilikuwa inakwisha na picha ilianza kusinyaa pembeni. Jirani akasafisha koo. "Karani," akasema, "yule aliyejificha ndani walimfanya nini?"

"Hawakumfanya kitu, Mangi," baba akajibu. "Filamu haikurudi kwake."

Mama akadakia kwamba yeye anamhurumia yule mke, maana uongo haukuwa wake, alisukumwa nao mlangoni. Tangu mkutano mama alikuwa hamsalimu mke wa jirani. Jumatatu niliwaona wawili wakishuka pamoja tambarare kukata majani ya ng'ombe, kamba mabegani, wanaongea.

Nimeitazama tena filamu hiyo nikiwa mtu mzima, na sioni ikizeeka. Nimesoma kwamba mwandishi wake, Carl Foreman, aliitwa na kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti mwaka 1951, filamu ikiwa bado inapigwa. Alikataa kutaja majina ya watu, marafiki wakamkwepa, akahamia Uingereza. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba maneno ya watu wa Hadleyville mengi alikuwa anayasikia kwa watu wake. Naamini, kwa sababu visingizio vile havitungiki mezani. Kila kimoja kina akili ndani yake, mtu ana watoto, mtu ana biashara, mtu anasema alishawaonya. Mwigizaji John Wayne aliichukia, akasema si ya Kimarekani. Rais Clinton aliipenda, akaitazama mara nyingi Ikulu. Nadhani kiongozi akiitazama anajiona Kane. Sebuleni kwetu hapakuwa na kiongozi, na watu walijiona nyuma ya milango.

Juzijuzi nilimwonyesha baba kwenye simu bango la Poland la uchaguzi wa tarehe 4 Juni 1989. Chama cha wafanyakazi, Solidarność, kilimweka Gary Cooper akitembea vilevile, mkononi ameshika karatasi ya kura badala ya bastola, na nembo ya chama kifuani. Baba alivaa miwani, akaikuza picha kwa vidole.

"Walishinda?"

Nikamwambia walishinda, karibu viti vyote walivyoruhusiwa kugombea.

"Waliojitokeza kupiga kura walikuwa wangapi?"

Nikatafuta. Asilimia 62 na kitu.

"Ni wengi hao," akasema, akinirudishia simu. "Mimi wangenitosha wanne."