Injini ya Hiace ya kambi ilikataa kuingia kwa giaboksi, nilivyotatua

Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hivyo hapa kwangu Kiamunyi, Nakuru, tuliinua bodi tukateremsha injini juu ya tairi nzee, hiyo haikusumbua. Kurudisha sasa! Kukabaki nafasi ya kidole kati yake na giaboksi, jirani anasema vuta na bolti, nikakataa, hivyo ndio alumini ya giaboksi hupasuka. Pleti ya klachi haikuwa katikati, kwa hivyo shafti ya giaboksi haikupata tundu lake. Nikalegeza presha pleti (ile inayoibana pleti ya klachi), nikapitisha shafti kuukuu ya giaboksi ya aina hiyo hiyo (jua kali hukosi) mpaka kwa beringi ya krenki, nikakaza bolti kwa kupishana, kidogo kidogo, nikaichomoa hiyo shafti. Kijana akazungusha krenki polepole na spana huku tunasukuma, ikaingia tap! Halafu piga ile pampu ya mkono ya dizeli kwanza utoe hewa, la sivyo utamaliza betri bure.