Uzoefu wangu: jinsi nilivyounganisha sola, betri na umeme wa mji katika parseli moja ya Katuba

Sola ya shule ilikuwa inazima saa sita mchana. Haikuwa siku ya mawingu. Ilikuwa mwezi wa kumi, hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, jua likiwa utosini kabisa. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikiingia, umeme wa mji unakatika, na sola nayo inakatika papo hapo. Baba Prefe, mkuu wa shule, alikuwa ameshaamini kwamba shule iliuziwa vitu vibovu. "Mwanangu," aliniuliza, "ni sola gani hii inayongoja umeme wa mji ndipo ifanye kazi?"

Vifaa vilikuwa vizima. Inveta za aina ile, vyombo vya kugeuza umeme wa paneli uwe kama wa mji, hazianzishi umeme zenyewe, zinafuata umeme uliopo. Zinapima volti na hezi 50 za mtandao, zinajipanga sawa nazo, kisha zinasukuma nguvu ya jua. Mtandao ukitoweka, zinatakiwa zijitenge ndani ya sekunde mbili. Kanuni hiyo inalinda maisha ya watu: fundi aliyepanda nguzo akijua mstari umekufa asije akauawa na sola ya paa la mtu. Kilichokosekana pale parselini, yaani kwenye kiwanja chetu, ni chombo cha kushika mdundo huo wa hezi 50 wakati mji umenyamaza, kama mpiga ngoma anayebaki uwanjani ili wachezaji wasipotee hatua.

Parseli yenyewe ni kubwa: kuna shule, kituo cha afya chenye uzazi, chumba cha akina mama washonaji na kinu cha mahindi. Kila jengo lilikuwa na historia yake ya umeme. Shule ilikuwa na paneli nyingi bila betri. Kituo cha afya kilikuwa na paneli chache na betri za asidi zilizochoka. Washonaji walikuwa na kijisola cha taa. Kinu kilitegemea umeme wa mji, na ukikosekana, jenereta ya dizeli. Nikaona watu wa boma moja wanaishi katika nchi nne. Mchana nguvu ya shule inapotea bure, na hatua chache kutoka hapo dizeli inaunguzwa.

Umeme wa mji wetu unatoka mbali. Sehemu inatoka kwenye mito ya hapa Katanga: Mwadingusha kwenye Lufira tangu 1930, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba tangu miaka ya 1950. Sehemu nyingine inatoka kwenye mabwawa ya Inga, mto Kongo, kwa ule mstari wa mkondo mnyoofu uliowashwa 1982, unaotembea kilomita 1,700 hivi hadi Kolwezi. Migodi inachukua fungu kubwa. Kwa hiyo kilowati inayozaliwa juu ya paa la Katuba na kutumika Katuba hiyohiyo ina thamani ya pekee: haipotei njiani, na haimnyang'anyi mtu mwingine zamu yake.

Kabla ya kununua chochote nilipima. Nilifunga mita ndogo kwenye kila jengo, zinazozungumza kwa waya mmoja na kompyuta ndogo iliyoko kwenye ofisi ya kituo cha afya, nikaziacha ziandike matumizi usiku na mchana. Kazi hii watu wengi wanairuka, nami naisisitiza sana. Ilionyesha kwamba uzazi unahitaji umeme kidogo lakini bila kukatika: friji ya chanjo inayotakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8, taa, mashine ya oksijeni. Shule inahitaji asubuhi. Kinu ndicho mlaji mkubwa, na kilikuwa kinasaga jioni, saa ileile volti ya mji inaposhuka kwa sababu kila nyumba inapika. Ilionyesha pia kwamba karibu mizigo yote midogo ilikuwa imerundikwa kwenye fezi moja, yaani waya mmoja kati ya mitatu inayoleta umeme, na fezi mbili zimebaki tupu. Kuigawanya upya ilikuwa kazi ya bisibisi na uvumilivu tu, na volti ilitulia papo hapo.

Ndipo tukanunua inveta tatu za kushika mdundo, moja kwa kila fezi, na betri za lithiamu zenye fosfeti ya chuma. Betri ndiyo iliyokula fedha nyingi. Nilichagua aina hiyo kwa sababu inavumilia kuteremshwa chini mara maelfu, wakati betri ya asidi ukiizoesha kushuka chini ya nusu inakufa mapema. Inveta za shule nikazihamisha: badala ya kufungwa upande wa mstari wa mji, zikafungwa upande wa pili, nyuma ya inveta mpya. Paneli za kituo cha afya zikaingia kwenye betri moja kwa moja kupitia kidhibiti chaji. Delestaji ikija sasa, swichi ya ndani inatutenga na mji, inveta za betri zinaendelea kutoa hezi 50, nazo inveta za shule zinaona mtandao uko, zinaendelea na kazi.

Linabaki swali la betri iliyojaa: nguvu ya jua iende wapi? Hapa kuna ufundi unaonifurahisha hadi leo. Inveta ya betri inapandisha mdundo kidogo kidogo, 50 kwenda 51 na zaidi, na inveta za jua zilizopangwa vizuri zinaelewa kwamba ni amri ya kupunguza. Hakuna waya wa mawasiliano kati yao, umeme wenyewe ndio unaobeba ujumbe. Ila lazima uingie kwenye mipangilio ya kila inveta ya jua uhakikishe amri hiyo imewashwa, na nguvu ya paneli zilizofungwa hivyo isizidi nguvu ya inveta ya betri. Ikizidi, wingu likiondoka mbele ya jua au kinu kikizimwa ghafla, betri inasukumiwa nguvu ambayo haiwezi kuimeza.

Jambo jingine ambalo mafundi tuambizane wazi: parseli ikijitenga na mji, uunganisho wa nyutro (waya wa kurudishia umeme) na ardhi unaweza kupotea pamoja na mstari wa mji. Pasipo uunganisho huo, kinga ya kumwokoa mtu anayeguswa na umeme haitafanya kazi. Inveta nzuri ina rilei, swichi inayojiendesha, ya kuurudisha yenyewe. Usiamini karatasi, pima. Udongo wetu mwekundu ukikauka mwezi wa tisa unakataa kupitisha umeme, kwa hiyo nilichimbia fimbo za ardhi ndefu na nyingi, tena nikapima upya kiangazi. Na kwa radi za Katanga, vizuia radi viliwekwa pande zote mbili, upande wa paneli na upande wa mstari wa mji.

Umeme wa mji unaporudi, mafriji na mapasi ya kartye (mtaa) nzima yanaamka pamoja na volti inayumba. Kwa hiyo niliziagiza inveta zisikimbilie: zisubiri dakika tano, ziupime, na kama volti iko chini mno ziukatae, ziendelee na betri. Pia nilizizuia zisisukume nguvu kwenda mtaani. Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua sekta ya umeme kwa watu binafsi nchini mwetu, lakini kuusukuma kwenye mtandao kunahitaji mkataba, na sisi hatukuwa nao.

Kinu kilinichukulia muda kuliko vyote. Kwanza mota: ya kilowati 11, iliyokuwa inawashwa moja kwa moja, inavuta mara sita hivi ya mkondo wake wa kawaida wakati wa kuanza. Inveta yoyote ingezimika. Nikaiwekea kidhibiti mwendo kinachoiamsha polepole, na tatizo likaisha. Ila kuhamisha saa za kusaga hakukuwa kazi ya kidhibiti. Baba wa kinu alisema wateja wake wanakuja jioni wakitoka sokoni, unga wa bukari, ugali wetu, wa usiku huo. Alikuwa na haki. Tulikaa naye, na muuguzi mkuu, na akina mama wa kushona ambao wenyewe ni wateja, tukamwekea mezani kile mita zilichoandika: ni mafuta kiasi gani anaunguza kila jioni. Mama mmoja akatoa wazo lililotuponya: mahindi yaachwe asubuhi kwenye ndoo zenye majina, unga uchukuliwe jioni, na anayeacha asubuhi alipe kidogo pungufu.

Nikafunga taa mbili pale kinuni. Kijani ikiwaka, jua na betri vinatosha, saga. Nyekundu, ngoja. Kompyuta ile ndogo ya ofisini ndiyo inayoamua kwa kuangalia betri, jua na umeme wa mji. Mashine ya kuchemshia vyombo vya uzazi nayo inafuata taa hiyohiyo. Betri ikishuka chini ya asilimia 40, madarasa na pasi vinakatwa, na ikifika 20, uzazi peke yake ndio unabaki. Muuguzi mkuu ana ufunguo wa kuvunja utaratibu huu wakati wowote, maana mama anayejifungua hangoji kompyuta. Ufunguo huo niliutaka tangu siku ya kwanza ya kuchora mchoro, na sitakubali kujenga mtambo wa hospitali bila huo.

Kuhamisha saa za kinu kulitusaidia kuliko betri yoyote ambayo tungeongeza. Jenereta ipo bado, inaletwa masika mawingu yakikaa siku nzima, na ikiwashwa inapewa mzigo wa kutosha pamoja na kuchaji betri, kwa sababu dizeli inayofanya kazi bila mzigo inajijaza masizi. Masika pia kinu kinaanza mapema, kwa kuwa mvua zetu hupenda mchana. Kiangazi vijana wa shule wanaosha paneli alfajiri, kabla vioo havijapata moto, maana vumbi jekundu linaiba nguvu nyingi.

Sasa seremala wa upande wa pili wa barabara, mwenye paneli zake mwenyewe, anaomba tuunganike. Kiufundi inawezekana. Lakini waya ukivuka barabara, hiyo ni kazi ya usambazaji na inahitaji kibali. Nimeandaa mchoro, kumbukumbu za mita na vipimo vya ardhi, na Baba Prefe ameahidi kuandamana nami kuvipeleka.